Nyumba za halmashauri za paneli na paa bapa: tunauziwa, je zina umri gani mbele yake?

Mwalimu wa Ziwani

Wakuu, habari za jioni. Mafundi, wahandisi na yeyote aliyewahi kuishi kwenye nyumba za aina hii, naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili linagusa mafao yetu ya kustaafu na sina pa kukosea.

Mimi na mume wangu ni walimu. Tunaishi kwenye nyumba ya halmashauri moja huku kando ya ziwa, jina naliacha. Ni zile nyumba zilizokuja vipandevipande: kuta ni paneli za zege zilizomwagwa kwingine zikaletwa na malori, zikasimamishwa na kreni, kisha juu yakalazwa mabamba ya zege na kupakwa lami. Hakuna kenchi, hakuna bati. Wazee waliozikuta zikijengwa miaka ya sabini wanasema safu nzima ilisimama kabla jirani mmoja wa kijijini hajamaliza kufyatua tofali za banda lake. Zimejengwa mbilimbili, pacha, ukuta wa katikati ni mmoja na zege la juu limepita moja kwa moja kutoka kwetu hadi kwa jirani.

Nianze na uzuri wake, kwa sababu watu wakiona paa bapa wanacheka tu. Upepo wa ziwa ukija na mvua za alfajiri, bati za wenzetu kule mlimani zinang'oka, sisi tumelala. Mvua ikinyesha chini ya bati huwezi kumsikia mtoto anayekuita chumba cha pili. Chini ya zege tunasikiliza redio. Na lile paa ni uwanja. Tunaanika dagaa, tunaanika udaga, nguo za shule, mahindi ya mbegu. Wanangu wamejifunza kusoma wakiwa juu kule jioni, wakitazama boti zikirudi.

Sasa ubaya. Kuanzia saa nane mchana zege linakuwa limeshiba jua, na usiku ndiyo linatema. Hadi saa sita usiku huwezi kulala bila kufungua dirisha, na ukifungua mbu wanaingia. Halafu kuna kuvuja. Hatuvuji katikati ya vyumba, tunavuja pale bamba moja linapokutana na jingine, na pale ukuta unapokutana na paa upande wa ziwani. Ofisi imepaka lami mara kadhaa, mvua mbili tatu zinapita vizuri, kisha tunarudi kwenye ndoo. Sebuleni kwenye dari kuna mstari wa kahawia umenyooka kama umepigwa rula, na mwaka huu kipande cha plasta ukubwa wa kiganja kilidondoka. Nyuma yake nondo inaonekana, nyekundu.

Tumepewa barua kwamba nyumba zitauzwa na mpangaji aliyemo ndiye mwenye nafasi ya kwanza. Bei ni karibu nusu ya mkupuo wetu. Mume wangu anasema tununue, kiwanja kiko mahali pazuri, shule ipo, kituo cha afya kipo. Mtoto wetu wa kwanza yuko Dodoma, anasema tusithubutu, tuchukue kiwanja Kisesa au Buhongwa tuanze upya na tofali. Mimi naipenda nyumba hii na ninaiogopa.

Naomba kujua: zege linazeeka? Nyumba ya namna hii ina miaka mingapi mbele yake? Na nikague nini kabla ya kusaini?

---

Pasiansi Asili

Pole mwalimu. Nimekulia kwenye nyumba ya slabu, ya mwajiri wa baba. Joto linapungua sana ukipaka juu chokaa nyeupe au rangi nyeupe ya nje. Kwetu mama alikuwa anapaka kila kabla ya kiangazi na tofauti tuliisikia usiku uleule. Kwa jiografia yetu jua linatembea karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo paa ndilo linalobeba kipigo chote, kuta hazina neno.

Jambo la pili, angalia mashimo ya kutolea maji. Ndege wale korongo wa Mwanza wanapenda sana mapaa bapa. Wanaacha mifupa ya samaki, manyoya na uchafu, shimo linaziba, juu panakuwa bwawa. Nusu ya uvujaji wetu ulikuwa huo.

Kuhusu kununua siwezi kukushauri. Ya nondo yananitisha.

---

Msimamizi Mstaafu, Igoma

Mwangaluka mwalimu. Nimesimamia majengo Kanda ya Ziwa tangu nikiwa kijana hadi nilipokabidhi kofia, na nyumba za paneli nimezisimamisha na nyingine nimezibomoa. Nitaandika kirefu kwa sababu umeuliza vizuri.

Unauliza kama zege linazeeka. Linazeeka, lakini uzee wake hauko kwenye lami mnayoipaka. Zege jipya lina ukali wa saruji ndani yake, na ule ukali ndio unaoilinda nondo isishike kutu. Kila mwaka hewa inaingia kidogo kidogo kwenye zege na kuumaliza ukali huo, kuanzia ngozi ya nje kuelekea ndani. Ikifika kwenye nondo na maji yakawepo, kutu inaanza. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inasukuma, zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, kisha linabanduka. Huo mstari wako wa kahawia ulionyooka ndio huo. Maji peke yake mara nyingi hayachori mstari ulionyooka, yanachora ramani. Mstari ulionyooka ni nondo inasema iko wapi.

Kwa hiyo swali la miaka mingapi linajibiwa na kitu kimoja: unene wa zege linalofunika nondo. Paneli iliyomwagwa vizuri, nondo imeinuliwa kwa vipande vyake, imefunikwa milimita ishirini na tano au zaidi, kokoto ngumu, saruji haikuibwa, hiyo inaweza kuwazika wajukuu wako. Paneli ambayo nondo iliachwa ilalie kwenye boksi la kumwagia zege, ina milimita nane tu za kuifunika, hiyo ilianza kufa zamani. Na zote mbili kwa macho zinafanana.

Hapa tuna bahati ambayo wenzetu wa Dar na Tanga hawana. Maji yetu hayana chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege inaila nondo hata kama ule ukali wa saruji bado upo. Mchanga wa ziwa letu na upepo wa ziwa letu haubebi chumvi, na kokoto zetu ni za miamba hii hii mnayoiona, granaiti. Kwa umri uleule, nyumba ya paneli ya Mwanza nitaikagua kwa matumaini kuliko ya Kigamboni.

Sasa maungio. Nyumba ya tofali ina maungio maelfu na hakuna hata moja lenye kazi ya kuishika nyumba nzima. Nyumba ya paneli ina maungio machache na kila moja lina kazi hiyo. Bamba la paa limelala juu ya ukuta kwa upana wa sentimita chache tu, limeshikwa na nondo za kuungia na zege lililojazwa pale mahali hapo, na mtu aliyelijaza alikuwa juu ya ngazi, jua kali, akiwahi kreni. Ndiyo maana ninyi mnavujia kwenye maungio. Kuvuja si aibu ya paa bapa, ni taarifa ya maungio. Nendeni na taarifa hiyo.

Cha kufanya. Chukua nyundo ndogo, pita paneli zote na dari yote ukigonga taratibu. Zege zima linalia kwa sauti kavu ya juu, lililobanduka ndani linalia wazi, kama mtungi mtupu. Weka alama ya chaki kila palipolia wazi. Fanya hivyo mchana, mwenye macho mazuri akushikie tochi ya pembeni ili nyufa zionekane. Piga picha zote.

Kisha tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Usichukue fundi wa kupaka lami kwa kazi hii, hata awe ndugu yako. Mhandisi atatoboa vijishimo vidogo na kunyunyizia dawa inaitwa finofthaleini. Zege lenye ukali wake linageuka rangi ya zambarau, lililokwisha linabaki kama lilivyo. Atakupimia hewa imeingia milimita ngapi na nondo iko milimita ngapi. Hesabu ni hiyo tu. Hewa haikimbii kwa mwendo mmoja, kadiri inavyoingia ndani inapunguza kasi: kama imechukua miaka arobaini na kitu kufika milimita kumi na mbili na nondo iko ishirini na tano, nyumba ina maisha marefu. Kama imeshafika kwenye nondo kila alipotoboa, hiyo ni nyumba ya kubomoa, na mnachonunua ni kiwanja, basi mlipe bei ya kiwanja.

Jambo moja nimeliona linaua mapaa haya: tanki la maji. Mtu anaona paa bapa, anaweka tanki la lita elfu moja katikati ya bamba. Hiyo ni tani moja usiku na mchana, mahali ambapo bamba liliundwa kubeba watu wanaopita na mvua. Kama mna tanki juu, lishusheni kesho. Likibidi kukaa juu, likae palipo na ukuta chini yake. Na mnapoanika udaga msilundike kokoto au tofali za kuzuilia turubai.

Bati juu ya slabu inawezekana na ni dawa nzuri, inamaliza maji na inamaliza joto kwa sababu hewa inapita katikati. Lakini kenchi zikalie kuta, zifungwe chini kwenye kuta kwa vyuma, maana upepo wa ziwa unanyanyua. Mtu asije na mashine ya kutoboa akatoboa mabamba hovyo, atakata nondo. Na kwa kuwa ninyi ni pacha, mkiezeka upande mmoja maji yote ya upande wa jirani yatatafuta pa kuingilia kwenye ukuta wa katikati. Ongeeni na jirani kabla ya kununua. Kama yeye hanunui, iulizeni halmashauri: atakayekuja baada yake atalazimika vipi kutunza nusu yake ya paa?

---

Binti Kirumba, Catford

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Kirumba, sasa naishi London kusini, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani. Nimesoma uzi huu nikasema lazima niandike, kwa sababu huku mambo haya yameshapita na watu waliumia.

Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa haina nyumba. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya nyumba za muda, na kati ya 1945 na 1949 zikajengwa zaidi ya 156,000, zikitoka viwandani vipandevipande. Zilikusudiwa kukaa miaka kumi hivi. Hapa Catford kuna mtaa wa Excalibur uliokuwa na nyumba 187 za paa bapa, zilizosimamishwa na mateka wa vita wa Kijerumani na wa Kiitaliano. Kuta zake ni fremu za mbao na vibao vya asibesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Mtaa ule uliishi zaidi ya miaka sitini! Mwaka 2009 nyumba sita zikawekwa kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, nyingine zikaanza kubomolewa baadaye huku baadhi ya wakazi wakipinga kwa nguvu zote. Wazee walioanza maisha kwenye nyumba zile wanazisimulia kwa mapenzi makubwa, kwa sababu kwa wengi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na bafu la ndani, jokofu jikoni na bustani. Kilichozifikisha huko ni matunzo ya waliomo, kwa sababu vifaa vyenyewe vilikuwa hafifu kuliko zege lako, mwalimu.

Ila sikia upande wa pili, huu ndio hasa ulionifanya niandike. Mbali na zile za muda, zilijengwa pia nyumba za halmashauri za kudumu za paneli na nguzo za zege, na baadhi yake, kama zile za aina iliyoitwa Orlit, nyingi zilikuwa na paa bapa. Mwaka 1980 sheria iliwapa wapangaji haki ya kununua nyumba walizomo. Watu wakanunua kwa furaha. Muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba nguzo za aina fulani zimepasuka ndani, nondo imeoza, ni yaleyale anayosema mzee. Mwaka 1984 serikali ikatunga sheria ya nyumba zenye kasoro na kutaja aina hizo kwa majina. Tangu siku hiyo benki hazikutaka kukopesha mtu anayenunua nyumba ya aina hiyo isiyokarabatiwa, kwa hiyo mwenye nyumba hakuweza hata kuiuza. Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya matengenezo kwa walionunua kabla ya kasoro kutangazwa, na wengine nyumba zao zikanunuliwa tena. Aliyekuwa bado mpangaji, tatizo lilibaki la halmashauri. Aliyenunua, lilikuwa lake hadi serikali ilipoingilia.

Na kuhusu maungio mzee amesema kweli tupu. Tarehe 16 Mei 1968 jengo la Ronan Point hapa London mashariki, ghorofa 22 za paneli, gesi ililipuka ghorofa ya 18 na kona nzima ikaporomoka hadi chini, watu wanne wakafa. Lilipokuja kubomolewa mwaka 1986 ikaonekana baadhi ya maungio yalikuwa na nafasi tupu na yamesokomezwa magazeti badala ya kujazwa saruji. Najua nyumba ya chini si ghorofa 22 na gesi yenu ni ya mtungi mdogo. Lakini aliyejaza maungio akiwahi kreni ni binadamu yuleyule.

Ombi langu: mwalimu, angalia kama dari au mbao za pembeni si asibesto, maana za miaka ile zilitumika sana. Kama ni zenyewe na ni nzima, ziacheni zilivyo. Msizipige msumeno, msizivunje, msizisugue zikiwa kavu, watoto wasicheze na vipande.

---

Mwalimu wa Ziwani

Nimesoma, nimesoma tena kwa sauti, mume wangu ananisikiliza. Asanteni sana, sana.

Tanki lipo juu. Lipo katikati. Kesho vijana wa jirani wanakuja kulishusha.

Tumegonga sebuleni na chumba chetu kwa nyundo ndogo kama mzee alivyoelekeza. Sebuleni pale kwenye mstari panalia wazi, urefu wa mkono. Chumbani kote kunalia kavu. Vyumba vya watoto bado. Jirani yangu ni mama mjane, anataka kununua lakini anaogopa kama mimi, tumekubaliana tutafute mhandisi mmoja wa nyumba zote mbili tugawane gharama. Mtoto wa Dodoma amesema kama tutapimisha kwanza, yeye atalipia nusu ya vipimo. Hilo limenifurahisha kuliko yote, maana tulikuwa tumeanza kugombana kwenye simu.

Swali moja, mzee wangu. Ile nondo iliyo wazi pale sebuleni, niizibe na saruji sasa au niiache mhandisi aione?

---

Msimamizi Mstaafu, Igoma

Iache. Ukipaka saruji juu ya kutu, kutu inaendelea kusukuma chini yake na kipande kitakachodondoka safari ijayo kitakuwa kizito zaidi, tena juu ya kochi. Ondoeni kochi na kitanda chini ya sehemu yoyote iliyolia wazi. Gusa kwa mwiko, kinachotaka kudondoka kidondoshe mwenyewe mchana, umesimama pembeni. Matengenezo ya kweli ni kuchimba hadi nyuma ya nondo, kusugua kwa brashi ya chuma hadi ing'ae, kuipaka dawa ya kuzuia kutu, ndipo kujaza zege la kukarabatia. Lakini hayo yafanyike baada ya kuziba maji juu, vinginevyo mnatupa hela.

Urefu wa mkono sehemu moja hauniogopeshi. Kama vyumba vya watoto vitalia kavu, na vipimo vikaonyesha hewa haijafika kwenye nondo kwingine, mimi ningeinunua hiyo nyumba, nikaiezeka bati pamoja na huyo mama mjane na kuishi humo kwa amani. Kama kila bamba linalia wazi kwenye kingo, sikilizeni mtoto wa Dodoma.

Mwambieni mhandisi atoboe upande wa ziwani kwanza, karibu na kona, na pale bamba linapolalia ukuta wa katikati. Aandike ripoti na kuigonga mhuri wake, maana ripoti hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo kujadili bei. Na kabla ya yote nendeni wawili, wewe na jirani, mkaombe kwa maandishi muda wa kukagua kabla ya kujibu ile barua. Mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mkimaliza vyumba vya watoto, leta matokeo hapa.